Ukakamavu haukaririwi usiku wa kuamkia mtihani

Kila mara usajili wa makurutu unapotangazwa nchini, barabara zetu za kusini mwa Nyanza hubadilika sura. Kwenye lami itokayo Rongo kupitia Rodi Kopany hadi Homa Bay, na kwenye barabara kuu itokayo Migori kuelekea Isebania, vijana ambao mwezi uliotangulia hawakuonekana hata wakiharakisha kuliwahi gari hujitokeza alfajiri makundi kwa makundi, wakitweta. Baadhi yao huvaa viatu vya mpira vilivyokwisha soli, baadhi hukimbia pekupeku, na wengine hujivika majaketi mazito kwa imani kwamba jasho jingi ndilo dalili ya mazoezi mema. Hukimbia hivyo kwa wiki mbili au tatu. Siku ya siku ikifika hujipanga uwanjani na vyeti vyao mkononi, kipenga hulia, na kabla ya mzunguko wa tatu kukamilika wengi huwa wameshika viuno, wengine wanatapika kando ya uwanja, na ndoto iliyolelewa tangu shule ya msingi imekwisha kwa dakika chache.

Safu hii haiwacheki vijana hao. Wamefanya walilofundishwa na shule zetu kwa miaka mingi, yaani kungoja mpaka mtihani ubishe hodi ndipo waanze kukariri. Tofauti ni kwamba tarehe za vita na kanuni za hesabu mtu anaweza kuzikariri usiku kucha akazikumbuka asubuhi, na akizisahau keshoye hakuna atakayejua. Mwili haukubali mkataba wa namna hiyo.

Wapo watakaosema kwamba habari ya kukimbia inawahusu wanaotaka kuwa askari tu. La hasha. Mtihani wa ukakamavu upo pia kwenye milango ya elimu. Katika Chuo Kikuu cha Michezo cha Ujerumani, kilichoko mjini Köln, anayetaka kusomea michezo hupimwa viungo kwanza. Hukimbia, huogelea, huruka, hutupa tufe na hucheza michezo ya mpira mbele ya watahini, na asiyefikia kiwango hapokelewi hata alama zake za karatasi zikiwa za kupigiwa mfano. Hapa kwetu nafasi katika vyuo vya ualimu na vyuo vikuu hugawanywa kwa alama za mtihani wa kitaifa, kwa hiyo kijana anaweza kuitwa kwenda kusomea elimu ya viungo bila mtu yeyote kumwona akikimbia. Lakini akishaingia chuoni hukuta uwanja unamngoja. Atatakiwa kuonyesha kwa mwili wake yale atakayowafundisha watoto kesho, na asiyeweza kuruka hawezi kumsahihisha anayeruka vibaya.

Jambo hili lina uzito zaidi leo kuliko wakati wowote uliopita. Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu, na mmojawapo wa mikondo mitatu waliyowekewa ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwa mara ya kwanza nchini, mtoto wa Mbita, wa Ndhiwa, wa Awendo au wa Kehancha anaambiwa na mtaala wenyewe kwamba michezo ni elimu inayoweza kumpeleka chuoni na kumpa riziki. Ahadi hiyo ni njema. Swali ni je, mtoto huyo ataupanda mkondo huo akiwa na mwili uliotayarishwa, au ataupanda akiwa na jina la mkondo tu kwenye fomu?

Ili kulijibu swali hilo yatupasa kukumbuka tulikotoka. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, somo la mazoezi ya viungo liliandikwa kwenye ratiba lakini halikutahiniwa katika KCPE wala KCSE. Katika nchi ambayo shule hupangwa kwa alama kama farasi wa mashindano, somo lisilotahiniwa ni yatima. Aliyesoma katika miaka hiyo anakumbuka vema: ratiba ilibandikwa ukutani ikiwa na kipindi cha mazoezi, mkaguzi akija akaiona na kuridhika, na kengele ilipolia mwalimu wa hisabati aliingia na chaki yake. Wanafunzi walijifunza kwamba viungo vyao ni mali isiyo na mwenyewe, ya kuchukuliwa na yeyote mwenye haraka ya kumaliza silabasi.

Hebu tupige hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo iliyokipora kipindi hicho. Tuseme shule ina kipindi kimoja tu cha dakika 40 kwa juma, na mwaka wa shule una majuma 35 ya mafunzo. Hizo ni dakika 1,400 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni dakika 5,600, ambazo ni zaidi ya saa 93. Kijana anayekurupuka wiki tatu kabla ya mtihani, hata akikimbia saa nzima kila siku pasipo kupumzika, hupata saa 21. Shule imemnyima saa 93 zilizokuwa haki yake kwenye ratiba, kisha jamii inamlaumu kwa kuwa mlegevu.

Isitoshe, saa hizo 21 hazina thamani sawa na zile 93, kwa sababu ya jinsi mwili ulivyoumbwa. Mtu anapofanya mazoezi kidogo kidogo kwa muda mrefu, moyo wake hupata uwezo wa kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na mishipa midogo kabisa inayopeleka damu ndani ya misuli huongezeka. Ndiyo sababu mkimbiaji aliyezoea hupumua kwa utulivu mahali ambapo mgeni anatweta. Mabadiliko haya huchukua majuma na miezi. Tena viungo vyote haviendi kwa mwendo mmoja. Misuli huitikia mapema, lakini mifupa na kano hukakamaa polepole. Hapo ndipo palipo mtego wa kukimbia kwa pupa. Katika wiki ya pili kijana hujiona ana nguvu akaongeza kasi, na katika wiki ya tatu maumivu ya muundi yanamlaza kitandani siku ambayo wenzake wanajipanga uwanjani. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba haraka haraka haina baraka.

Kuna wanaojifariji kwamba vijana wetu wa ziwani wana nguvu za kuzaliwa. Husema kwamba anayevuta nyavu za omena usiku, anayepiga kasia kutoka Mfangano, au anayekata miwa Awendo hana haja ya kufunzwa mazoezi. Kazi hizo hujenga mikono na mgongo, na anayezifanya ana mwanzo mzuri kuliko aliyekaa. Lakini kukimbia kilomita kadhaa kwa mwendo usiolegea ni ujuzi wa moyo na mapafu, na ujuzi huo haupatikani kwa kuvuta nyavu. Kila chombo hunolewa kwa kazi yake.

Wengine hudai kwamba riadha ni ya watu wa milimani. Hao na wamtazame jirani. David Rudisha, aliyeshinda mbio za mita 800 katika Olimpiki za London mwaka 2012 kwa rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 40.91, anatoka Kilgoris, ambako ni mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa kaunti ya Migori. Mary Moraa, bingwa wa dunia wa mbio hizo hizo kwa wanawake mwaka 2023, ni mzaliwa wa Kisii, upande wa pili wa mpaka. Na kuhusu mpira, timu ya kiwanda cha sukari cha Awendo ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2006. Vipaji havikuishia Iten.

Kuhusu Iten yenyewe, kuna funzo ambalo walimu wetu hulipita bila kuliona. Bruda Colm O'Connell, raia wa Ireland aliyemlea Rudisha katika mazoezi, alipofika katika Shule ya Upili ya St. Patrick's mwaka 1976 alikuja kufundisha jiografia. Hakuwa na cheo cha ukocha. Alikuwa mwalimu wa darasani aliyekubali kusimama uwanjani jioni, akawatazama wavulana wakikimbia, akajifunza kutokana na alichokiona, na akarudi keshoye na keshokutwa. Mwalimu wa namna hiyo anaweza kupatikana Migori na Homa Bay pia, iwapo mwalimu mkuu hatamwambia kwamba anapoteza wakati.

Basi kijana afanye nini? Hatutaki kuishia kulaumu. Mwanafunzi anayeusoma ukurasa huu na ambaye ana nia ya kwenda kusomea elimu ya viungo, au hata kujaribu bahati yake katika jeshi au polisi, ajipe miezi mitatu kwa uchache, na bora zaidi ajipe mwaka mzima.

Mwezi wa kwanza na uwe wa kujenga msingi. Akimbie siku nne kwa juma, dakika 20 hadi 30, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza na mwenzake bila kukatika pumzi, na akichoka atembee kisha aendelee. Siku mbili kati ya hizo aongeze pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, pamoja na mazoezi ya tumbo, akiacha kabla hajafika kikomo cha nguvu zake. Siku zilizosalia apumzike bila kujiona mvivu, kwa kuwa mwili hujengeka wakati wa mapumziko. Mwezi wa pili aongeze umbali kidogo kidogo, takriban sehemu moja ya kumi kwa juma, na siku moja akimbie mita 400 mara nne hadi sita kwa kasi, akipumzika kati ya kila moja. Aliye mjini Homa Bay anacho kilima cha Asego cha kumfundisha miguu yake adabu. Mwezi wa tatu ajizoeze mtihani wenyewe: umbali ule ule, saa ile ile ya siku, kwa viatu vile vile atakavyovaa. Katika juma la mwisho apunguze mazoezi yote kwa nusu, alale mapema na ale chakula alichokizoea. Anayejichosha siku mbili kabla ya mtihani ni kama mkulima anayekula mbegu mkesha wa kupanda.

Na ajipime. Mtu hawezi kujua kama anaendelea mbele asipokuwa na kipimo. Kwa bahati njema, vipo vipimo vizuri vya ukakamavu visivyohitaji mitambo. Daktari Kenneth Cooper wa jeshi la anga la Marekani alieleza mwaka 1968 jaribio rahisi: mtu akimbie dakika 12, kisha umbali alioufikia upimwe. Katika majedwali yake, mwanamume aliye katika miaka ya ishirini akifikisha mita 2,400 huhesabiwa kuwa mzuri, na mwanamke wa umri huo mita 2,200. Uwanja wa soka wenye urefu wa mita 100 na upana wa 60 una mzingo wa mita 320. Kwa hiyo mizunguko saba na nusu ya uwanja huo ndiyo mita 2,400. Mwaka 1988 Luc Léger wa Kanada naye alieleza jaribio la kukimbia kwenda na kurudi kati ya mistari miwili iliyoachana mita 20, kasi ikianza kilomita 8.5 kwa saa na kuongezeka kwa nusu kilomita kila dakika. Kamba ya mita 20, saa ya mkononi na kipenga vyatosha, ilimradi mwalimu ameandaa mapema jedwali la nyakati za kupuliza. Shule isiyoweza kupata vitu hivyo vitatu haipo, si Migori wala Homa Bay.

Hata hivyo, yapo mambo ya afya ambayo vitabu vya mazoezi vilivyoandikwa ng'ambo havitamweleza mtoto wa kwetu, na ambayo mwalimu hana budi kuyajua.

La kwanza ni malaria. Kaunti zetu mbili ziko katika ukanda wa ziwa ambako ugonjwa huu umeota mizizi, na haikuwa bahati nasibu kwamba chanjo ya malaria nchini Kenya ilizinduliwa katika kaunti ya Homa Bay mwezi Septemba 2019. Malaria hupunguza damu, na aliyepungukiwa damu huchoka upesi hata akiwa na bidii ya mchwa. Mwanafunzi aliyetoka kuugua asirudishwe kwenye mbio siku anayomaliza dawa. Aanze upya kwa kutembea, tena akapimwe damu.

La pili ni selimundu, au sikoseli kama wengi waitavyo. Urithi wa ugonjwa huu umeenea sana katika eneo la ziwa. Aliyeurithi kwa wazazi wote wawili huugua na hujulikana tangu utotoni. Lakini aliyeurithi kwa mzazi mmoja tu huishi kama mtu mzima wa afya, na mara nyingi hana habari kwamba anaubeba. Imebainika miongoni mwa wanajeshi na wanamichezo wa Marekani kwamba watu wa kundi hili wanaweza kuanguka ghafla, misuli ikaharibika na pengine wakapoteza maisha, wanaposukumwa kwa nguvu nyingi kupita walivyozoea, hasa penye joto na uhaba wa maji mwilini. Ndiyo maana vyuo vikuu vya Marekani vinavyoshindana katika daraja la kwanza vilianza kuwapima wanamichezo wao mwaka 2010. Kubeba urithi huo hakumzuii mtu kufanya michezo. Kunamtaka aanze polepole, anywe maji, apumzike anapohisi misuli inalegea, na asione haya kusema, "Mwalimu, siwezi." Kipimo chake ni cha damu tu. Kijana atakayekimbia bila mazoezi ya awali, mchana wa jua, huku akiubeba urithi asioujua, anacheza na uhai wake.

La tatu ni joto. Anayefanya mazoezi kando ya ziwa saa saba mchana hapati ushujaa wowote wa ziada. Alfajiri na jioni zipo, na maji yanywewe kabla ya kiu kufika. Yale majaketi mazito tuliyoyataja mwanzoni hayapunguzi mafuta wala kuongeza pumzi. Yanakausha maji ya mwili tu.

La nne linawahusu wasichana. Katika shule nyingi kipindi cha mazoezi kikisalimika, mpira huchukuliwa na wavulana, nao wasichana hukaa chini ya mti wakishika sweta za wenzao. Msichana huyo huyo amekwisha kubeba maji asubuhi na atabeba kuni jioni, kisha siku ya mtihani wa ukakamavu anatakiwa akimbie kama aliyezoezwa. Apewe uwanja wake, mavazi ya heshima ya mazoezi, na mwalimu wa kike wa kumsikiliza siku ambazo mwili wake una mahitaji mengine. Kinyume cha hapo, tutaendelea kushangaa kwa nini walimu wa kike wa michezo ni wachache.

Tunajua pingamizi litakalotolewa katika vyumba vya walimu. Mwalimu atasema: "Darasa langu lina wanafunzi wengi kupita kiasi, mzazi ananiuliza alama za hisabati, na hakuna aliyewahi kunituza kwa mtoto anayejua kukimbia." Pingamizi hili ni la haki, na asiyelisikiliza hajawahi kushika chaki. Jibu letu ni kwamba mambo yenyewe yamebadilika. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na KCSE itafuata mkondo huo mwaka 2027. Katika mtaala wa umilisi, Sanaa Bunifu na Michezo ni eneo la kujifunza, na wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 9 walitathminiwa humo mwaka 2025. Mwalimu anayeliiba somo hili leo anajiibia alama za shule yake mwenyewe. Zaidi ya hayo, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Sisi tunazozania dakika 40 kwa juma! Wala wingi wa wanafunzi si kizuizi cha mbio. Watoto sitini hawawezi kugawana vitabu kumi, lakini wanaweza kuzunguka uwanja mmoja.

Hatari iliyopo sasa ni ya aina nyingine. Mazoea ya zamani yanaweza kuhamia katika mtaala mpya yakiwa yamebadilisha mavazi tu. Kuna ishara kwamba michezo inaweza kugeuzwa kuwa somo la kuandika: mwanafunzi akachora uwanja wa mpira wa wavu daftarini, akataja vipimo vyake, akapata alama zote bila kuugusa mpira. Tukifika hapo tutakuwa tumewatoa mahafali wa michezo wasioweza kukimbia hadi lango la shule, nao watarudi kuwafundisha wadogo zao kuchora viwanja.

Kwa hiyo safu hii inatoa wito kwa wahusika wote. Walimu wakuu wakilinde kipindi cha mazoezi ya viungo kama wanavyokilinda kipindi cha hisabati, na mwalimu wa somo jingine akikutwa darasani saa hiyo aulizwe sababu. Tume ya Huduma kwa Walimu, inapowapeleka walimu katika shule zinazofundisha mkondo wa michezo, ihakikishe kwamba miongoni mwao yupo aliyesomea elimu ya viungo. Vyuo vya ualimu vya Migori na Asumbi, ambavyo ni vyetu na viko mlangoni petu, viwape walimu tarajali saa za kutosha uwanjani, kwa sababu mwalimu hufundisha alichokifanya kuliko alichokisikia.

Nazo serikali za kaunti, ambazo Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi viwanja na shughuli za michezo, zina sehemu yake. Homa Bay ilipata Uwanja wa Raila Odinga, ambako taifa liliadhimisha Madaraka Dei tarehe 1 Juni 2025. Ni fahari yetu sote. Lakini uwanja unaofunguliwa siku ya sherehe na kufungwa kufuli siku za kawaida haumfai mtoto wa shule. Watengewe wanafunzi siku zao, na viwanja vya shule vilivyoko mashinani vilindwe dhidi ya wanyakuzi wa ardhi na vifyekwe nyasi. Anayewafanyia vijana mtihani wa ukakamavu, awe afisa wa usajili au mkuu wa chuo, naye atangaze mapema na waziwazi umbali utakaokimbiwa na muda unaotakiwa. Mtihani usiojulikana silabasi yake haumpimi mtu maandalizi. Humpima bahati.

Wazazi nao tuwanong'oneze. Mama anayemkemea mwanawe kwa kukimbia jioni badala ya kushika kitabu anampenda mwanawe, hilo halina shaka. Lakini ajue kwamba mwanawe anaweza kushika kitabu akiwa ametoka kukimbia, tena akakielewa vizuri zaidi, na kwamba siku moja mlango wa chuo au wa kazi unaweza kumwuliza swali ambalo daftari halina jibu lake.

Mnamo Novemba 2025 polisi walipowatafuta makurutu 10,000 kote nchini, vijana walijitokeza viwanjani kwa wingi. Usajili mwingine utakuja, na darasa la kwanza la mkondo wa michezo litahitimu sekondari pevu na kuanza kubisha milango ya vyuo. Watakaofika hapo wakiwa tayari ni wale wanaoanza leo, wakiwa Gredi ya 7 na ya 10, polepole, chini ya jicho la mwalimu anayejua nani ametoka kuugua malaria na nani hajanywa maji.

Jumatatu ijayo kengele ya kipindi cha mazoezi ya viungo italia katika shule zetu za Migori na Homa Bay. Mwalimu wa hisabati na abaki katika chumba cha walimu asahihishe vitabu vyake. Watoto na watoke nje.